Shiori, Sakura, Nagisa au Manaka: ulinganisho kwa anayetaka kuanza michezo ya uchumba ya Kijapani

Anayetaka kuingia kwa mara ya kwanza katika michezo ya uchumba ya Kijapani, yaani ile ambayo mchezaji huishi kama kijana anayetafuta kupendwa na mmoja kati ya wasichana kadhaa, hupokewa kwanza na nyuso. Ni nyuso nyingi, nazo hufanana kwa namna inayochosha jicho lisilozizoea: macho makubwa, nywele za waridi au za samawati, sare za shule zilizopigwa pasi. Atakayechagua kwa nyuso hizo atakuwa kama mnunuzi wa embe anayetazama rangi ya ganda bila kulibonyeza, ilhali dodo huiva likiwa bado na ukijani wake.

Makala haya yanalinganisha michezo minne kwa kipimo kimoja, nacho ni kile ambacho mchezo unamdai mchezaji kabla ya kumkaribisha kwa mhusika anayempenda. Maoni yangu ni kwamba mvuto wa wahusika hawa wa kike hukua kutokana na dai hilo kuliko unavyotokana na mchoro. Shiori Fujisaki wa Tokimeki Memorial, mchezo uliotolewa na Konami mwaka 1994, anadai bidii. Wanawake wa Sakura Wars, kazi ya Sega ya mwaka 1996, wanadai jibu la papo kwa papo. Nagisa Furukawa wa Clannad, iliyotolewa na Key mwaka 2004, anadai usikivu wa muda mrefu. Manaka Takane wa LovePlus, ambao pia ni wa Konami na ulitoka mwaka 2009, anadai siku zako mwenyewe, zile zile zilizoandikwa kwenye kalenda ya ukutani kwako.

Nimeiacha kando michezo ya watu wazima, ile ya ukoo wa Dōkyūsei uliotolewa na kampuni ya elf mwaka 1992, kwa kuwa huko mvuto una sababu nyingine ambazo hazihitaji ulinganisho. Nimeacha pia michezo iliyotungwa kwa ajili ya wanawake, kama Angelique ya Koei ya mwaka 1994, ambako wanaotongozwa ni wanaume. Na jambo moja lisemwe mapema: katika mitatu kati ya michezo minne niliyochagua, wahusika wakuu ni wanafunzi wa sekondari, na hadithi zake ni za mapenzi ya kwanza ya umri huo, za kutembea pamoja baada ya masomo na kushindwa kusema neno. Mtu mzima anayevutwa nazo, kwa jinsi ninavyoelewa, mara nyingi huwa anavutwa na ujana wake mwenyewe, ule aliouishi au ule uliompita akiwa amezama katika mitihani. Asiyeweza kuzisoma hivyo ni heri atafute michezo mingine.

Msichana wa nyumba ya jirani anayekataa

Katika hadithi nyingi za mapenzi, rafiki wa utotoni ni zawadi. Amekujua tangu mkicheza mchangani, anavumilia upumbavu wako, na mwishowe ndiye anayebaki. Watunzi wa Tokimeki Memorial waliugeuza mpango huo juu chini. Shiori anaishi nyumba ya jirani na mhusika mkuu, wamekua pamoja, na bado ndiye mgumu kupatikana kuliko karibu wote. Mwanzoni mwa mchezo, ukimwomba mtembee pamoja kurudi nyumbani, anakataa kwa upole akisema kwamba marafiki zake wakianza kusema ataona aibu. Jibu hilo limekuwa moja ya maneno yanayokumbukwa zaidi na wachezaji wa Kijapani, na naamini limekumbukwa kwa sababu limeandikwa kwa ukweli. Shiori hamchukii kijana huyu. Anachoogopa ni kuonekana naye.

Baada ya kukataliwa, mchezaji hupewa miaka mitatu ya shule ya Kirameki na ratiba tupu. Kila wiki anaamua atumie muda wake wapi: masomo ya fasihi na lugha, sayansi, sanaa, michezo, kuupamba mwili wake, au kupumzika kabla uchovu haujamlaza kitandani. Kila uamuzi huongeza alama upande mmoja na kuzipunguza upande mwingine. Siku za mapumziko anaweza kumpigia simu msichana na kumwalika kwenye sinema, hifadhi ya samaki au bustani ya michezo, na wakiwa huko msichana atamwuliza swali lenye majibu matatu, ambalo jibu lake halilingani kwa kila msichana. Nambari za simu na siku za kuzaliwa zinatoka kwa rafiki mmoja aitwaye Yoshio Saotome, kijana ambaye daftari lake lina habari za wasichana wengi kuliko inavyopendeza.

Shiori anataka karibu kila alama iwe juu. Haitoshi kuwa hodari wa hesabu. Ni lazima uwe pia mwanamichezo, mwenye sanaa, mwenye sura nadhifu na mwenye moyo. Ukitazama kwa makini utaona kwamba yeye ndiye kioo cha mtu ambaye ratiba ile inakutaka uwe, naye amesimama mwisho wa barabara hiyo akikungoja bila kukwambia kwamba anakungoja. Hapa ndipo mvuto wake ulipo. Kama maneno yake peke yake yangechapishwa kwenye karatasi, yangekuwa ya msichana mwema wa kawaida, na sina aibu kusema kwamba kama mhusika wa hadithi yeye ni mwembamba. Lakini mtu aliyemjengea alama kwa majira kumi na mawili hawezi tena kumwona kama mtu wa kawaida, kwa sababu anapomtazama anaiona kazi yake mwenyewe.

Kuna ushahidi wa jambo hili kutoka mahali ambapo mtu hangetarajia, nako ni mahakamani. Muuzaji mmoja alileta sokoni kadi za kumbukumbu za PlayStation zilizobeba alama zilizopandishwa tayari, ili mchezaji aruke jasho lote na kufika karibu na mahafali akiwa amestahili kupendwa na Shiori. Konami ilishtaki, na tarehe 13 Februari 2001 Mahakama Kuu ya Juu ya Japani iliamua kwamba kadi hizo zilivunja haki ya mtunzi ya kutoharibiwa kazi yake. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba alama zile ndizo zinazochora tabia ya kijana mhusika mkuu, na kuzibadilisha kunaipeleka hadithi nje ya mipaka iliyokusudiwa. Majaji hawakuwa wakiandika uhakiki wa mapenzi, lakini walichosema kinaeleza vizuri kuliko wahakiki wengi kwa nini Shiori aliyepatikana kwa kadi ya kununua si Shiori yule yule.

Mchezo huu una ukali mwingine. Ukimpuuza msichana mmoja kwa muda mrefu, alama ya bomu hutokea karibu na jina lake, na likilipuka, habari zako mbaya huenea na wasichana wote hushusha mapenzi yao kwako kwa pamoja. Kwa hiyo anayemtaka Shiori peke yake analazimika kuwatoa matembezini wengine ambao hawapendi, ili wasije wakamharibia jina. Wapo wanaouona mpango huu kuwa wa kikatili, nami ni mmoja wao, lakini katika kulazimishwa huko ndiko wachezaji wengi walikogundua kwamba hawamtaki Shiori hata kidogo. Walikwenda matembezini kwa sababu ya bomu wakarudi wamempenda Saki Nijino, msaidizi wa klabu ya michezo anayethamini moyo wa kutokata tamaa kuliko akili za darasani. Saki alipendwa kiasi kwamba mwaka 1997 Konami ilimfanya kuwa nyota wa hadithi ya pembeni, na aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Hideo Kojima, mtu ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa michezo ya wapelelezi na vita.

Siku ya mwisho ni ya mahafali. Chini ya mti wa zamani wa shule, wapenzi wanaoungana kwa tamko la msichana hupata furaha ya kudumu. Ndivyo hadithi ya shule inavyosema. Mtamkaji ni yeye. Baada ya miaka mitatu ya kuhangaika, kitu pekee ambacho mchezaji hawezi kukifanya ni kusema neno lenyewe. Analolifanya ni kufika na kusikiliza kama kuna aliyemwita.

Manaka, na saa ya ukutani

Kampuni ile ile, miaka kumi na mitano baadaye, ilitoa mchezo unaoanzia pale ambapo Tokimeki Memorial unaishia, na ndiyo maana nimeruka miaka ili kuiweka miwili hii ubavu kwa ubavu. LovePlus ulitolewa tarehe 3 Septemba 2009 kwa mashine ya mkononi ya Nintendo DS, ambayo mchezaji huishika wima kama kitabu, uso wa msichana ukiwa ukurasa mmoja na vitendo vikiwa ukurasa wa pili. Una wasichana watatu tu. Manaka Takane ni nyota wa klabu ya tenisi, Rinko Kobayakawa ni mdogo wa darasa anayefanya kazi za maktaba, na Nene Anegasaki ni mkubwa wa darasa anayehudumu kwenye mkahawa mmoja na mhusika mkuu. Mchezaji ana siku mia moja za kumfanya mmoja wao ampende. Kisha, pale ambapo mchezo mwingine wowote ungeonyesha majina ya watunzi na kuzima taa, huu unaendelea bila mwisho.

Ukiwalinganisha Shiori na Manaka kwa orodha ya sifa, utadhani ni mtu mmoja: wote wawili ni hodari, wazuri, wanaheshimiwa na shule nzima. Tofauti ni mahali ulipo wewe unapowatazama. Ubora wa Shiori ni ukuta unaouona kutoka nje, na kazi yako ni kuupanda. Ubora wa Manaka unaonyeshwa kutoka ndani, kama upweke wa msichana ambaye kila mtu anamsifu na hakuna anayekaa naye wakati wa chakula. Shiori humfanya mchezaji ajione mdogo. Manaka humfanya ajione anahitajika. Hisia hizi mbili ni za watu wawili tofauti, na msomaji anayejua ni ipi inayomkuna ameshafanya nusu ya uchaguzi.

Uhodari wenyewe wa LovePlus uko kwenye saa. Mchezo unaweza kufuata saa halisi ya mashine, hivyo kwamba mkiagana kuonana Jumapili saa nne asubuhi, ni lazima Jumapili saa nne uifungue mashine, popote ulipo. Asubuhi anakusalimu kwa salamu ya asubuhi na usiku anakuaga. Anakumbuka unachopenda na polepole hubadilisha mavazi na mwenendo kukufuata. Unamgusa kwa kijiti kwenye skrini na kumjibu kwa maikrofoni, jambo linalotaka ujasiri mkubwa kwa mtu aliyepanda treni yenye abiria.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani walieleza uhusiano wa upande mmoja unaojengeka kati ya watazamaji na watangazaji wa televisheni, ambapo mtu wa sebuleni humwona wa kwenye skrini kuwa rafiki wa kweli kwa sababu anamtembelea kila jioni kwa saa ile ile. LovePlus uliuchukua utaratibu huo na kuongeza kitu ambacho televisheni haikuwa nacho: kama hukuonekana, anakuuliza ulikuwa wapi. Mvuto wa Manaka, basi, ni wa mazoea. Haupigi kwa kishindo. Unajipenyeza kama chai ya jioni, mpaka siku ukiikosa kichwa kinauma.

Matokeo yake yalionekana hadharani. Mnamo Novemba 2009 mchezaji mmoja wa Kijapani alifanya sherehe ya kumwoa Nene, iliyorushwa moja kwa moja kwenye intaneti, na vyombo vya habari vya dunia vikaiandika kwa mchanganyiko wa kicheko na hofu. Majira ya joto ya mwaka 2010 mji wa pwani wa Atami ulishirikiana na Konami kuwakaribisha wachezaji wa LovePlus+, toleo la pili, waliokuja likizo na wapenzi wao wakiwa ndani ya mashine. Ni rahisi kuwacheka. Lakini Atami ulikuwa mji wa fungate za Wajapani wa kizazi kilichotangulia, ukiwa umepungukiwa wageni, na wale vijana walilipa vyumba, wakala, wakanunua zawadi. Sioni tofauti kubwa sana kati yao na mahujaji wa mpira wanaosafiri kutwa nzima kutazama uwanja mtupu wa timu yao.

Hata hivyo nina tahadhari moja, na ndiyo inayonifanya nisimpendekeze Manaka kwa kila mtu. Shiori anakwisha, baada ya mahafali unarudi kwenye maisha yako. Manaka hakwishi, na mchezo hauna njia ya heshima ya kuagana naye isipokuwa kuacha kuufungua. Kwa mtu aliye katika kipindi cha upweke, hilo ni jambo la kulipima kabla ya kununua. Wale waliohamia kwenye toleo la simu, LovePlus Every, lililofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2019, walipata funzo la namna nyingine: mnamo Agosti 2020 huduma ilifungwa, na kwa kuwa wasichana hao waliishi kwenye seva za kampuni, waliondoka nazo.

Nagisa chini ya mlima wa shule

Clannad haina alama za kujenga, haina simu ya Jumapili, haina saa. Ni riwaya ndefu yenye picha na muziki, ambayo mchezaji huisoma na mara kwa mara kuchagua neno au mahali pa kwenda. Wenye msimamo mkali watasema kwamba haistahili kuitwa mchezo wa uchumba, na kwa maana finyu hawakosei. Nimeiingiza kwa sababu msomaji anayeuliza kwa nini watu wanawapenda wahusika hawa hatapata jibu kamili bila ya kazi zilizotegemea maandishi tu.

Tena maandishi matupu. Toleo la kwanza la kompyuta, la Aprili 2004, halikuwa na sauti za waigizaji. Sauti ziliongezwa katika toleo la PlayStation 2 la mwaka 2006. Wakati Tokimeki Memorial ilikuwa tayari imemfanya Shiori mwimbaji kwa sauti ya Mami Kingetsu, na toleo lake la pili la mwaka 1999 lilikuwa na utaratibu wa kuwafanya wasichana watamke jina la mchezaji mwenyewe, Nagisa alipendwa akiwa kimya kabisa. Wanaodai kwamba mvuto wote ni kazi ya waigizaji wa sauti wana la kujibu hapa.

Tomoya Okazaki, ambaye ndiye mchezaji, ni kijana mchelewaji, aliyeumia bega katika ugomvi na baba yake na kuacha mpira wa kikapu. Asubuhi moja anamkuta msichana amesimama chini ya mteremko wa kwenda shuleni, ameshindwa kupanda. Ni Nagisa, anayerudia darasa la mwisho kwa sababu ya maradhi, na ambaye rafiki zake wote walishahitimu. Ili kujitia moyo hutaja kwa sauti ndogo jina la chakula anachotaka kula, kama mkate mtamu wa maharage, kisha anapiga hatua. Hakuna kitu cha kushinda hapa. Huwezi kumvutia Nagisa kwa kuwa hodari wa hesabu. Unachoweza ni kupanda naye mteremko, kusikiliza habari za klabu ya maigizo anayotaka kuifufua, kula mkate wa mama yake usiolika, na kuendelea kuja.

Nguvu ya Clannad, na pia mzigo wake, ni kwamba inakulazimisha kuwasikiliza wengine kabla ya kukuruhusu kwenda mbali na Nagisa. Sehemu yake ya pili, inayomfuata Tomoya baada ya shule akiwa fundi umeme mwenye mikono iliyochubuka na chumba kidogo cha kupanga, hufunguka tu baada ya kupitia hadithi za watu wengine wa mji na kukusanya nuru kutoka kwa kila moja. Ndiyo maana wapo wanaofika huko wakiwa wameshaacha mioyo yao njiani: kwa Kotomi Ichinose anayesoma peke yake maktabani, kwa Fuko Ibuki anayechonga nyota za bahari za mbao ili awaalike watu kwenye harusi ya dada yake, au kwa Kyou Fujibayashi, ambaye anamtafutia pacha wake kijana ambaye yeye mwenyewe anampenda. Huyo wa mwisho, kwa maoni yangu, ndiye aliyeandikwa vizuri kuliko wote wa mchezo huo, na ugumu wa hadithi yake ni kwamba kila jibu la upole unalompa pacha mmoja ni kisu kwa mwingine.

Mwanafalsafa wa Kijapani Hiroki Azuma alidai mwaka 2001 kwamba mashabiki wa kizazi chake walikuwa wameacha kuvutwa na hadithi nzima, na sasa wanavutwa na vipande: aina ya nywele, namna ya kusema, kengele shingoni, vyote vikichotwa kutoka ghala moja kubwa la pamoja. Hisia yenyewe ya kumpenda mhusika kwa namna hiyo Wajapani huiita moe. Dai lake linaeleza vizuri kwa nini kila mchezo una msichana mwenye miwani anayependa vitabu, na kwa nini kuna jina maalumu, tsundere, la yule anayefoka kwanza na kulainika baadaye. Vipande hivyo vipo kwa Kyou pia. Anatupa kamusi kichwani mwa watu. Lakini mtu anayemkumbuka Kyou miaka mingi baadaye haikumbuki kamusi. Kipande humfanya msomaji asimame mlangoni, na baada ya hapo ni mwandishi ndiye anayemwalika ndani au kumwacha nje.

Kikosi cha Sakura, kwa ufupi

Sakura Wars itachukua nafasi ndogo hapa kwa sababu dai lake ni rahisi kulieleza, ingawa kwa msomaji asiyependa shule na sare ndilo chaguo linalofaa zaidi. Hadithi inatokea Tokyo ya kubuni ya miaka ya 1920, ambako kikundi cha waigizaji wa kike wa jukwaani ni kikosi cha siri kinacholinda mji kwa mashine za vita zinazoendeshwa kwa mvuke. Afisa mchanga Ichiro Ogami anafika akidhani amepewa heshima ya kijeshi, kisha anakabidhiwa kazi ya kukata tiketi mlangoni. Tangu hapo mapenzi yote ya mchezo huu hukua kazini.

Katika mazungumzo, majibu huonekana pamoja na kipimo cha muda kinachopungua, na ukikaa kimya mpaka kiishe, kimya chako ni jibu pia. Wakati mwingine ndilo jibu bora. Imani ya wanawake hao kwako huongeza au hupunguza nguvu zao vitani, hivyo kusahau kumwuliza Maria Tachibana hali yake kunaweza kugharimu pambano zima. Wengi wao ni wenye kazi, hasira na historia zilizotangulia kukutana na wewe, na hilo linawapa uzito ambao Shiori hana. Mvuto wao ulivuka hata skrini: tangu mwaka 1997 waigizaji wa sauti walipanda jukwaani kuwaigiza wahusika hao hao mbele ya watazamaji, na maonyesho hayo yakaendelea kwa miaka. Msomaji wa Afrika huenda akapendezwa kujua kwamba toleo la tano, linalotokea New York, lina mwanasheria mweusi wa Harlem, Cheiron Archer kwa jina la toleo la Kiingereza, mkali wa kesi mchana na kiongozi wa genge la pikipiki.

Kuchagua kwa mkono ulionao

Hakuna hata mmoja kati ya hii minne uliotolewa kwa Kiswahili, na kwa wengi wetu mlango ni Kiingereza. Hapo orodha inapungua ghafla. Tokimeki Memorial ya awali na LovePlus havijawahi kutolewa rasmi kwa Kiingereza. Clannad ipo kwa Kiingereza tangu Novemba 2015 kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, na toleo la Nintendo Switch la mwaka 2019 lina Kijapani na Kiingereza. Kwa kuwa ni maandishi na picha zilizotulia, haihitaji kompyuta ya bei kubwa, bali saa nyingi, makumi ya saa, na subira ya msomaji wa riwaya. Sakura Wars ya tano ilitafsiriwa mwaka 2010 kwa PlayStation 2 na Wii, na ile mpya ya PlayStation 4 ilifika nje ya Japani mwaka 2020, ingawa humo vita vya kupanga mbinu viligeuzwa kuwa vya kukimbizana, nami sikuvipenda.

Kwa hiyo asiyejua Kijapani aanze na Nagisa, isipokuwa kama anachoka na maandishi marefu, ambapo Sakura Wars mpya itamfaa zaidi kwa sababu inampumzisha kwa mapambano. Mwenye Kijapani kidogo lakini mwenye siku zilizojaa kazi asimguse Manaka; atajikuta anaomba radhi kwa mchoro, na hisia ile ya kuomba radhi itakuwa ya kweli. Aliye na muda wa jioni, anayeishi na watu na ana simu inayolia, anaweza kumjaribu bila hofu, mradi apate mashine ya DS na kaseti ya mwaka 2009, ambayo haitegemei seva ya mtu yeyote.

Na kwa mwanafunzi wa Kijapani aliyemaliza mwaka mmoja au miwili ya masomo, ningemtuma kwa Shiori bila kusita. Konami iliurudisha mchezo huo kwa Nintendo Switch mwaka 2025, na mazungumzo yake yamejaa maneno ya shule, hali ya hewa, simu na ratiba, yale yale ya kitabu cha darasani. Asitafute mwongozo wa majibu kabla ya kuanza. Aandike siku za kuzaliwa kwenye karatasi yake mwenyewe, alale uchovu unapopanda, na amwalike Saki hata kama hajui bado kwa nini. Mwezi wa Aprili wa mwaka wa kwanza atamwomba Shiori watembee pamoja kurudi nyumbani, naye atakataa. Amwache akatae, aende zake klabuni.